Jina Kamili na Sanduku la Posta

Clemensi Tluway hakuwahi kuandika jina la uongo maishani mwake, na hilo ndilo lililomponza.

Alizaliwa kwenye miinuko ya juu ya Karatu, upande unaopakana na msitu wa Ngorongoro, enzi ambazo ng'ombe akikutwa njiani hana alama sikioni hakuna aliyemgusa mpaka wazee wakae. Kitu kisicho na alama kilikuwa cha wizi au cha balaa, na vyote viwili havikuingizwa nyumbani. Binadamu naye vivyo hivyo. Ulipofika kwa watu ulisimama nje ukataja jina lako, la baba yako na la babu yako, ukasema unatoka ng'ambo ya mto gani, ndipo ukaambiwa karibu. Aliyenyamaza alikuwa na lake jambo. Siku hizi mtu anaingia kwako, anakula, anafuta mdomo, anaondoka, na jina alilokuachia ni la mcheza mpira wa Ulaya.

Shule aliishia darasa la nne. Yaliyobaki alijifundisha mwenyewe. Alikuwa mpishi wa kambi za watalii kule juu ukingoni mwa kreta, na kila wageni walipoondoka alipita kwenye mahema kuokota vitabu walivyoviacha. Alivisoma kwa taa ya chemli, kamusi iliyong'oka jalada ikiwa pajani, hadi Kiingereza kikamkaa. Wapishi wenzake walimwita Profesa kwa kumkejeli. Aliitika, halafu akawakumbusha: "Clemensi. Clemensi Tluway Lohay." Kwenye kila kitabu alichookota aliandika majina hayo matatu pamoja na namba ya sanduku lake la posta, ili mwenyewe akikikumbuka ajue pa kukidai. Hakuna aliyekuja kudai.

Magoti yalipomkatalia baridi ya kule juu, aliteremka akafungua mgahawa wa chai Karatu mjini, kando ya barabara kuu. Lami ilikuwa imeshafika kutoka Makuyuni, na pamoja na lami vikaja vyote: mabango ya safari, baa zenye majina ya miji ya watu, malori ya vitunguu ya Mang'ola yanayoegesha mbele ya kanisa bila haya. Nyumba za tembe zikabomolewa moja baada ya nyingine kwa kuwa watoto walizionea aibu. Akaja pia Judith, mama wa Kichaga kutoka Kilimanjaro, na dishi lake na kompyuta zake, akafungua duka la intaneti ukuta kwa ukuta na chai ya Clemensi.

Judith hakuwa mtu mbaya. Asubuhi, kabla wateja hawajaingia, Clemensi alimpelekea chai ya maziwa na maandazi, naye akamwachia kompyuta ya kona asome magazeti.

"Mzee Clemensi, humu ndani kuna kila kitu," alimwambia siku moja. "Wewe kila siku siasa tu. Utapata presha bure."

"Kila kitu ni neno kubwa, mama."

"Haya, nitajie unachokitaka nikuonyeshe."

Clemensi alishika kikombe kwa mikono miwili. Kitu alichokitaka alikuwa amekitaka tangu ujana wake, na hakuwahi kufikiri kwamba kinaweza kupita kwenye waya.

Mwaka mmoja wa ukame, kabla serikali haijawahamishia watu kwenye vijiji vipya, Wazungu walifika nyumbani kwao na Landrova na kamera ya miguu mitatu. Walimtaka mzee Tluway, baba yake, kwa sababu ndiye aliyejua slufay, ile sala ndefu ya wazee wa Kiiraqw, nzima, bila kuruka mahali. Mmoja huisema mstari kwa mstari, na wote waliokaa humwitikia kwa sauti ya chini. Asiyeitikia huhesabiwa kuwa ameikataa baraka. Mzee aliisema mbele ya kamera asubuhi nzima. Wakampa blanketi, wakaondoka na vumbi lao. Haikupita miaka mingi Tluway akafa katika kijiji kipya, mbali na makaburi ya watu wake, na sala ikaenda naye. Clemensi alibaki na mwanzo wake na mwisho wake. Katikati, ambako ndiko kwenye sala yenyewe, palikuwa tupu. Alizunguka kwa wazee waliosalia, akafika Baray, akafika hadi Mbulu. Kila mmoja alimpa kipande, na vipande havikushikana.

Filamu yenyewe alikuwa ameiona kwa macho, ndani ya kabati la kioo katika duka la hoteli moja ya kitalii. Jaladani ulikuwepo uso wa baba yake. Chini ya uso waliandika kwa Kiingereza: mzee wa kienyeji. Basi. Majina ya Wazungu yalijaa upande wa pili, hadi la aliyeshika taa. Na bei ilikuwa ya watu wanaolipa kwa dola.

Alimsimulia Judith yote hayo. Judith akavuta kiti.

"Kuna programu ya kugawana," alisema. "Watu wa dunia nzima wameweka vitu vyao humo. Unajiandikisha jina, unatafuta, kikiwepo unashusha."

Vijana wawili waliokuwa wakisubiri kompyuta waliegemea kiti cha mzee kuchungulia.

"Mzee, weka jina la kazi," mmoja alimwambia. "Mimi humo naitwa Chatu wa Moshono."

"Mama yako anakuita Chatu?"

"Mama hayumo humo, babu."

"Na mwenye mali akitaka kujua nani kachukua?"

Wakatazamana wakacheka. "Sasa si ndiyo sababu ya Chatu, mzee wangu."

Clemensi akaandika kwa kidole kimoja: Clemensi Tluway Lohay, kisha namba ya sanduku la posta, kisha Karatu. Kwa akili yake, anayeficha jina anapochukua kitu ndiye mwizi. Yeye alikuwa anakwenda kuchota kwa majirani, na jirani hujitaja. Mashine ikakubali bila kuuliza neno. Mashine haiulizi, ndiyo maana watu wa sasa wanaipenda kuliko wazee.

Filamu ilikuwepo. Ilishuka kama maji ya paa bovu, tone, tone, ikikwama kila umeme ulipokatika, ikianza tena. Ilipokamilika Judith alimwita.

"Imekwisha baba. Nifunge programu?"

"Kwa nini ifungwe?"

"Ukiiacha wazi, wengine wanaichota kutoka kwako. Ukishachukua, na wewe unakuwa mtoaji. Hawa vijana wakishapata chao wanafunga mbio."

Hapo ndipo Clemensi alipoiheshimu kompyuta kwa mara ya kwanza. Zamani mwenye shamba la kulima alipika pombe akaita majirani. Wakalima, wakanywa. Uliyekunywa kwake leo, ukiitwa kesho unatoka na jembe lako. Aliyekunywa kisha akajifungia ndani siku ya zamu ya mwenzake hakushtakiwa popote. Watu waliacha tu kumwamkia, na hiyo ilimtosha. Clemensi alidhani desturi hiyo ilizikwa na akina baba. Kumbe ipo, imehamia ndani ya waya, na wanaoifuata hawajuani hata sura.

"Usifunge, mama," alisema. "Nimekunywa kwao. Nao waje wanywe kwangu."

"Haya, mradi isinilie kasi ya wateja."

Kompyuta ya kona ikaachwa wazi, ikimgawia sala ya Tluway kila aliyeitaka, jina kamili la mwanawe likiwa juu yake kama kibao cha mlangoni. Na Clemensi akawa mtu mpya. Kila asubuhi alivaa visikilizio, akamfuata baba yake mstari kwa mstari, akimwitikia polepole hadi Judith akazoea kunguruma kwake kama alivyozoea jenereta. Katikati ya sala ikaanza kurudi. Kwanza iliingia masikioni, halafu mdomoni, mwishowe ikamkaa kifuani. Vijana walikuja na sidii tupu kunakili. Alipowauliza za nini, walisema za wazazi wao nyumbani, na kwa furaha aliyokuwa nayo hakuuliza ni wazazi gani. Sidii hizo ziliuzwa kwa watalii madirishani mwa magari, pale yanaposimama kununua maji kabla ya kupanda getini. Duka la hoteli likaacha kuuza, na wenye filamu huko kwao wakaanza kuuliza kulikoni.

Wasiojulikana ni wengi kuliko mchanga, na hakuna wakili anayeshtaki mchanga. Wenye filamu waliona namba ya dishi la Karatu, wakaona na majina ya ajabu ajabu ya watu wa kila nchi walioigawa. Katika umati huo wote alikuwepo mmoja tu mwenye baba, babu na sanduku la posta. Wakamwandikia.

Barua ilitoka kwa wakili wa Arusha. Clemensi aliisoma akiwa amesimama mlangoni mwa posta, na kwa kuwa Kiingereza alikijua, hakuwa na bahati ya kutoelewa. Alikuwa ameinakili na kuisambaza kazi ya watu kinyume cha sheria ya hakimiliki. Jalada limefunguliwa polisi. Akutwe na nakala yoyote, iwe nyumbani au dukani, itakuwa ushahidi juu yake. Wiki hiyohiyo wenye mtambo wa dishi wakamwandikia Judith kwamba wakisikia tena habari hii watamkatia.

Judith aliingia kwenye mgahawa, akafunga mlango, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Baba, wenzako wote humo ni machatu na masimba. Nani atampeleka chatu mahakamani? Wewe umewapa mpaka pa kuleta barua."

"Sikuiba, mama. Yule ni baba yangu."

"Najua. Lakini wao hawakushitaki kwa ajili ya baba yako. Wanakushitaki kwa picha ya baba yako, na picha ni yao." Alishusha sauti. "Sikiliza. Sema si wewe. Jina la mtu linaandikwa na mtu yeyote. Kompyuta ni ya wateja, wanaingia, wanatoka, siwajui. Mimi nitasema hivyo. Na wewe useme hivyo."

"Na nikisema ni mimi?"

"Ukisema ni wewe, watauliza nani alikuachia mashine iwake mwezi hadi mwezi. Utazama na mimi juu yako, mzee. Mimi nina watoto wawili na hilo dishi, sina kingine katika nchi hii ya kwenu."

Hakumwambia kwa ukali. Afadhali angemwambia kwa ukali. Clemensi angejua la kumjibu. Mtu anapokuomba kwa upole ujikane, unamkosea ukikataa na unajikosea ukikubali.

Nyumbani Selina, mkewe, alikuwa ameshasikia, maana Karatu habari inafika kabla ya mwenye nayo. Alimwekea ugali na mboga, akasubiri ale kidogo.

"Baba Remi, jina ni kama koti. Unalivua mlangoni kwa polisi, ukitoka unalivaa."

"Jina si koti. Ni ngozi."

"Basi watakuchuna. Halafu mimi nikaangalie ngozi yako gerezani Arusha, kwa nauli ya nani?" Akamkunjua vidole, akamtoa mkononi sidii aliyokuwa ameishika tangu aingie, ile nakala yake mwenyewe. "Umeshaijua yote?"

"Yote."

"Imo kifuani?"

"Imo."

"Basi hii haina kazi." Akaisukuma kwenye mafiga. Ikajikunja, ikatoa moshi mweusi unaonuka vibaya, na Selina akaondoa sufuria haraka isije ikanuka. Clemensi hakumzuia. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakumzuia, na kila mara jibu lilikuwa lilelile: aliogopa.

Kituoni polisi Clemensi alipokelewa vizuri. Mpelelezi aliitwa Elimringi, mtu wa Rombo, mnene, mpole, mwenye mafaili mengi kuliko meza. Alimpa mzee shikamoo, akampa kiti. Pembeni alikaa konstebo Marsela, binti wa palepale Karatu, akiandika.

"Clemensi Tluway Lohay ni wewe?"

"Ni mimi."

"Hilo halina ubishi, nimekunywa chai yako. Ninachouliza ni hiki. Aliyejiandika hivyo kwenye kompyuta, ni wewe?" Kabla mzee hajafungua mdomo, Elimringi akainua kiganja. "Usijibu upesi. Mle ndani kila mtu anajiandika apendavyo. Hapa nina mmoja anaitwa Chatu wa Moshono. Nikamtafute wapi huyu, kichakani? Kwa hiyo jina peke yake kwangu halitoshi. Inawezekana mtu alikufanyia utani. Mzee kama wewe, shule yenyewe ya zamani, utajulia wapi mambo hayo?"

Alikuwa anamfungulia mlango, na alikuwa anamfungulia kwa wema. Hilo lilimuuma Clemensi kuliko yote. Ili atoke ilimpasa kwanza awe mjinga. Vitabu vyote vile alivyovisoma kwa chemli vikae kimya, na yeye aseme hajui.

"Si mimi," alisema.

"Andika, Marsela. Anasema si yeye." Elimringi alipumua kama aliyetuliwa mzigo. "Limebaki moja dogo. Wakili anataka nikuonyeshe filamu yenyewe, useme kama kuna chochote unachokitambua. Tukimaliza, kompyuta ya mama Judith inafutwa kila kitu, anarudishiwa, na sisi tunakunywa chai."

Akageuza kioo. Kompyuta ilikuwa ileile ya kona, iliyochukuliwa dukani kwa Judith. Clemensi aliijua kwa ufa wa pembeni. Picha ikaja. Vumbi, kichanja cha mahindi kisicho na mahindi, halafu mzee Tluway na shuka lake begani, fimbo mkononi, akiangalia juu ya vichwa vya watu kama alivyokuwa akiangalia siku zote.

"Huyu mzee unamfahamu?"

Clemensi alikuwa na paji la uso lilelile la baba yake. Mtoto mdogo angeona. Lakini Elimringi alikuwa akitazama faili, na watu wa faili hawalinganishi nyuso.

"Simfahamu."

"Sawa. Tuache iende kidogo."

Sala ikaanza. Tluway alisema mstari wa kwanza, na waliokaa kwenye vumbi wakamwitikia, wote wamekwishakufa. Clemensi alihisi koo lake likiinuka. Si kwamba alitaka kuitikia. Mwili wenyewe ulitaka, kama mguu unavyotaka kupiga hatua ukisukumwa mgongoni. Mstari wa pili. Wa tatu. Alibana meno, akatazama sakafu, akahesabu misumari ya ubao, akakosa hesabu. Baba yake alikuwa anaomba, na mwanawe amekaa mbele yake amefumba mdomo kama mtu aliyekuja kuikataa baraka.

"Anasema nini?" Elimringi alimwuliza konstebo.

Marsela alikuwa ameacha kuandika. "Ni Kiiraqw cha zamani, afande. Nasikia neno moja moja. Maji, nasikia. Na watoto. Bibi yangu angeelewa."

"Mzee, wewe je? Wewe ni mwenyeji. Tusaidie, niandike chochote."

Hapo ndipo mtego ulipokaza. Kutafsiri mstari mmoja kungekuwa kukiri, maana sala ile haikujulikana na mtu mwingine aliye hai. Sauti kwenye kompyuta ilikuwa imefika katikati kabisa. Tluway alikuwa anaomba kwamba aliyepotea kwenye ukungu asikie mbwa wa nyumbani wakibweka. Kwamba watoto wa nchi hii wasije wakapishana njiani kama wageni.

"Sijui," alisema Clemensi. "Ni maneno ya zamani. Yametupita."

"Andika: lugha haitambuliki."

Alitia sahihi. Ilikuwa sahihi yake nzuri, yenye mkia, na chini yake karatasi ilisema kwamba yeye hakuwahi kuiona filamu, hamfahamu mtu yeyote ndani yake, wala haelewi yaliyosemwa. Elimringi akamsindikiza hadi ngazini akimshika kiwiko asijikwae.

Kompyuta ya kona ilirudi ikiwa tupu, na Judith akampelekea Selina kilo mbili za sukari. Vijana nao walitupa sidii zao chooni, wakajibadilisha majina, wakaendelea na kudanlodi kama kawaida. Chatu akawa Tai. Watu walimpongeza Clemensi kwamba ana akili, kumbe uzee ni dawa. Alipokea pongezi, akawamiminia chai.

Lakini yeye hakuwa na la kubadili. Alipoalikwa kwenye mazishi kule juu, na wazee wachache waliosalia walipoanza vipande vyao vya sala, wakakwama palepale wanapokwama siku zote, waligeuka kumtazama mtoto wa Tluway. Yeye alitazama miguu yake. Alijua kinachofuata, neno kwa neno. Alijua pia kwamba miongoni mwa waliokaa yumo mtoto wa fulani anayefanya kazi kwa wakili, na shemeji wa fulani aliye polisi, na kwamba mji sasa umejaa masikio yasiyo na nyuso. Mzee mmoja akasema, bila kumtazama mtu, "Wengine wameweka baba zao benki." Watu wakacheka kidogo. Sala ikarukwa hadi mwisho, na marehemu akazikwa.

Jumapili moja baada ya misa, Marsela alifika nyumbani kwake. Hakuvaa sare, alijifunga kitenge, na viatu alivivulia nje.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kuna nini tena?"

"Hakuna ubaya. Bibi yangu yuko Baray, amelala, hainuki tena. Anasema hataki kuondoka bila kusomewa ile sala. Padri amekuja mara nyingi, anamshukuru, lakini anasema na ile nyingine pia anaitaka." Alikaa ukingoni mwa kiti. "Nimewauliza wazee watatu. Hawaijui yote."

"Na mimi umeniona wapi nikiijua?"

"Pale ofisini. Ulikuwa unaangalia chini, baba, lakini midomo yako ilikuwa inatembea."

Clemensi alihisi baridi ya kule juu ya kreta ikimshuka mgongoni. Aliinuka, akaenda dirishani, akatazama nje ya ua, nyuma ya migomba, mpaka barabarani. Hapakuwa na gari. Gari linaweza kuegeshwa mbali.

"Midomo ya mzee hutembea yenyewe, binti yangu. Meno yamepungua."

"Sikuja kama askari."

"Askari huja kama nini?"

Macho ya Marsela yalilowa, na Clemensi aliyachunguza macho yale kwa muda mrefu, akitafuta mjukuu wa mtu. Pengine alikuwa ndiye. Zamani angemwuliza babu yake ni nani, wa ng'ambo ya mto gani, naye angemjibu, na ndani ya majina matatu angejua kama mtu huyu anasema kweli. Aliuliza.

"Babu yako alikuwa nani?"

"Sijui vizuri, baba. Alikufa mama akiwa mdogo. Kwenye cheti cha mama wameandika jina la baba wa kambo."

Ikaishia hapo. Hapakuwa na mahali pa kumshika. Karatasi yenye sahihi ilikuwa kabatini polisi, na binti huyu ndiye aliyeiandika kwa mkono wake.

"Mwambie bibi namsalimu," alisema. "Mwambie sijui."

Marsela aliinuka, akashukuru kama mtoto aliyefundishwa vizuri. Selina, aliyekuwa akisikiliza jikoni, alitoka na maandazi kwenye kifuko, akayaweka mkononi mwa binti bila kumtazama mumewe, akamsindikiza hadi nje ya ua. Clemensi alisikia sauti zao zikienda, za Kiswahili, halafu za Kiiraqw kidogo, halafu hazisikiki tena.

Alibaki amekaa. Upande wa Baray ulikuwa chini kule, bonde zima likiwa limejaa ukungu wa mchana. Akaweka kiganja mdomoni akakikandamiza, kwa sababu mstari wa kwanza ulikuwa umeshaanza.